Ngitili ya Shinyanga: Nani Afunge na Nani Afungue?

Katika nchi ya Usukuma, mvua za kwanza zinyeshapo mwezi wa Novemba, yako maeneo ambayo mfugaji hapeleki ng'ombe wake, ingawa majani yamekwisha kuchipua na ng'ombe wenyewe wamekonda kwa kiangazi. Hapana seng'enge mahali hapo, wala bango la serikali. Pengine pana mstari wa minyaa tu, na pengine hata huo haupo, ila kila mtu kijijini ajua mpaka unapopita. Mahali hapo pamefungwa. Patafunguliwa kiangazi kikishakaza, yapata Julai au Agosti, wakati nchi iliyobaki imekuwa vumbi na mabua makavu. Wasukuma huliita eneo la namna hiyo ngitili.

Twapenda leo kuieleza habari ya ngitili kwa wasomaji wetu wa mikoa mingine, maana ni moja katika kazi kubwa zilizofanywa na wananchi wa nchi hii kwa mikono yao wenyewe, na bado wengi hawaijui. Tena twapenda kuuliza swali moja ambalo twaona linazidi kuwa zito kila mwaka: ardhi iliyokwisha kuponywa ni ya nani?

Kwanza yafaa tukumbushane jinsi nchi hiyo ilivyopata kuugua. Shinyanga haikuumbwa bila miti. Wazee wa zamani waliijua kuwa nchi ya misitu ya migunga na miombo. Lakini penye vichaka palikuwa na mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hufa kwa nagana na watu hupata malale. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ikaanza kuwakusanya watu kwa maelfu kufyeka vichaka, na Shinyanga ikawa makao ya uchunguzi wa mbung'o chini ya Bwana Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Hatusemi kwamba kazi ile ilikuwa ya bure. Mbung'o walirudi nyuma, na watu wakapata mahali pa kukaa na kuchunga. Lakini mti uliokatwa haukupewa nafasi ya kurudi, maana nyuma ya panga likaja jembe la pamba, na nyuma ya jembe likaja plau. Katika miaka ya 1950 na 1960 pamba ya Usukuma ilikuwa fahari ya nchi. Vyama vya ushirika vilivyoungana chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani vilijengwa juu ya pamba hiyo. Fedha ilipoingia, mkulima alinunua ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndiye benki yake. Mashamba yakapanuka na malisho yakapungua, huku mifugo ikiongezeka. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule aweza kuona itaishia wapi.

Kisha kukaja jambo jingine, ambalo sisi tunaoandika katika gazeti la chama hatuna haki ya kuliruka. Mwaka 1974 na 1975 watu walihamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika wakakusanywa vijijini. Yalikuwapo makusudi mema, ya shule, zahanati na maji, na yako mahali ambapo makusudi hayo yalitimia. Lakini kila mji ulioachwa uliacha pia ngitili yake. Mzee aliyekuwa akiutunza mgunga uliopandwa au kuhifadhiwa na baba yake alipelekwa mwendo wa saa nzima au zaidi kutoka hapo, na mgunga ule ukawa si wake wala si wa mtu yeyote. Mali isiyo na mwenyewe haingoji muda mrefu kupata mwizi. Ikakatwa. Ng'ombe waliokuwa wametawanyika nchi nzima sasa walikusanyika kuzunguka kijiji kimoja, na ardhi ya pale ikakanyagwa hata ikawa kama sakafu.

Hivyo basi, ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980, mkoa wa Shinyanga ulikuwa umeanza kuitwa jangwa la Tanzania. Akina mama walikuwa wakipikia mabua ya pamba na samadi kavu, na samadi iliyochomwa jikoni ni samadi iliyoibwa shambani. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere aliuzuru mkoa huo na kujionea mwenyewe, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliosaidiwa na serikali ya Norway na baadaye na wataalamu wa kilimo mseto wa shirika la ICRAF.

Hapa ndipo habari yenyewe inapoanza kuwa na mafunzo, maana mpango huo nao ulianza kama ilivyoanza mipango mingi: kwa vitalu vya miche. Ilioteshwa miche mingi, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, ikagawiwa watu wakapande. Shinyanga hupata mvua ya kadiri ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo hainyeshi kwa mpango. Mche wataka kumwagiliwa, na mama anayetembea saa mbili kutafuta ndoo moja ya maji hatampa mti maji hayo na kumnyima mtoto. Mche ulioponea jua uliliwa na mbuzi. Mabwana misitu wangeweza kuandika katika taarifa zao kwamba wananchi ni wavivu na hawaelewi, kama walivyoandika wengi kabla yao. Wao badala yake wakawauliza wazee: zamani mlifanyaje?

Jibu likawa ngitili. Na ubora wa jibu hilo hauko katika mila peke yake, bali uko chini ya udongo. Mgunga uliokatwa si lazima uwe umekufa. Kisiki chake huweza kuishi miaka mingi, na mizizi yake imekwisha kufika chini kwenye unyevu ambao mche wa kitaluni ungehitaji miaka kuufikia. Kila mvua inyeshapo, kisiki hutoa machipukizi, na kila machipukizi yatokeapo, mbuzi huyala. Basi msitu ulikuwapo siku zote, ila ulikuwa ukiliwa kila mwaka kabla haujafika magotini. Haukuhitaji mpandaji. Ulihitaji mtu wa kuzuia mbuzi. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi wala mitambo, bali yataka kitu kigumu zaidi, nacho ni mapatano ya majirani.

Mapatano hayo yalikuwa na chombo chake cha zamani, dagashida, ndio mkutano wa jadi wa Wasukuma wa kutunga sheria na kuhukumu wavunjaji. Dagashida ikasema eneo lile lifungwe, na atakayeingiza ng'ombe atozwe faini. Sungusungu, walinzi waliozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wakapewa kazi ya kulinda majani pia. Hatuwasifu sungusungu katika kila jambo, maana zimepata kusikika habari za watu walioadhibiwa na walinzi hao kuliko haki. Lakini kwa upande wa ngitili, mfugaji alimwogopa zaidi jirani yake anayemwona kila asubuhi kuliko bwana misitu anayepita na gari mara moja kwa mwaka.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa katika mkoa mzima zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Uchunguzi uliofanywa mpango ulipokuwa ukimalizika, mwaka 2004, ulikuta zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833, na karibu nusu ya ngitili hizo zilikuwa mali ya watu binafsi na jamaa zao, nyingine zikiwa za vijiji, za shule na za vikundi. Wachunguzi wakahesabu aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Wakahesabu pia mambo ambayo sisi twayaona makubwa zaidi ya ndege: kwamba mama aliyekuwa akienda mbali kutafuta kuni alipunguziwa mwendo huo kwa saa 2 hadi 6, na kwamba mapato yatokanayo na ngitili, kwa kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, dawa na malisho, yalifikia kadiri ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa shamba nchini yalikadiriwa kuwa dola 8 na nusu. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya dunia ya Equator mjini Johannesburg. Nani katika Dar es Salaam aliyelisikia hilo? Twadhani wachache sana. Mpira ungalichezwa siku hiyo tungalisikia.

Yuko msomaji atakayesema: hayo ni mambo ya mifugo na misitu, lakini tumbo hujazwa na shamba. Twamjibu kwamba katika Usukuma shamba lategemea ng'ombe, na ng'ombe hutegemea ngitili. Mkulima wa huko hulima kwa plau ya kukokotwa na maksai. Mvua ya kwanza inyeshapo, maksai wametoka katika miezi ya njaa. Asiye na ngitili huwakuta maksai wake wamelala chini, mbavu zimehesabika, nao hawawezi kuvuta plau katika udongo mgumu. Hungoja majani yaote, ng'ombe wale, wapate nguvu. Wiki mbili tatu zapita. Katika nchi ambayo mvua yaweza kukatika ghafula, mbegu iliyochelewa wiki tatu ndiyo itakayokutwa na jua haijazaa. Mwenye ngitili hulima siku mvua inapoanguka. Hatuna haja ya kuwaeleza wakulima tofauti ya mashamba hayo mawili, maana wao waiona kila mwaka ghalani.

Tena ng'ombe alishaye karibu na mji huacha samadi karibu na mji, na jiko lililopata kuni huiacha samadi hiyo iende shambani. Mambo haya yameshikana kama nyuzi za mkeka. Mtu akija kufundisha kilimo kinachostahimili ukame, akaanza na mbegu mpya katika mfuko, ameanza mwishoni.

Juu ya mbegu tuna neno dogo pia. Kila mwaka wa ukame husikika sauti zikiwahimiza wananchi waache mahindi warudi kwenye mtama na uwele. Ushauri ni mzuri, kwa kuwa mtama huvumilia jua ambalo mahindi hayawezi. Lakini mshauri asisahau kwamba mtama wataka walinzi. Kwelea kwelea wakishuka shambani kwa makundi yao, shamba lisilo na watu wa kuwafukuza tangu alfajiri hadi magharibi laweza kumalizika kwa siku chache. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Sasa watoto wako shuleni, na sisi ndio tuliosema waende shuleni. Mkulima aliyechagua mahindi hakuwa mjinga. Alihesabu mikono aliyo nayo nyumbani. Wakulima wa jirani wakipanda mtama wao pamoja, mahali pamoja na kwa wakati mmoja, na kugawana zamu za kulinda, hesabu hiyo hubadilika. Mtu mmoja peke yake hawezi. Katika mbuga za udongo mweusi watu hao hao wamejifunza kukinga maji kwa majaluba na kuvuna mpunga katika nchi kavu, na kazi ya majaluba nayo haiendi bila mapatano, maana maji ya jaluba la juu ndiyo maji ya jaluba la chini.

Twasisitiza neno hilo la mapatano kwa sababu nchi hii imekwisha kujaribu njia nyingine. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kukata matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli, hakuna aliyebisha. Lakini matuta yale yaliufukua udongo usio na rutuba ukawa juu, jasho lilikuwa la kushurutishwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka, mtu akafa, na mpango ukafa naye. Wakati huo huo Wamatengo wa Mbinga, katika milima mikali vile vile, walikuwa wakilima ngoro zao, mashimo yanayozuia maji yasiteremke, kama walivyolima babu zao. Hakuna aliyewaamuru.

Baada ya uhuru sisi wenyewe tulitumia amri pia. Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi ambacho aliyeyaona hawezi kuyasahau. Mpango wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Majani yakarudi, miti ikarudi. Kweli lazima isemwe. Lakini ng'ombe wa watu walikwenda wapi? Walikwenda kwa jirani, wakayala malisho ya jirani. Na mwenye ng'ombe aliyekaa bila maziwa hakuihesabu ardhi iliyopona kuwa yake. Haikupita miaka mingi ikabidi ng'ombe waruhusiwe tena, wafugwe zizini. Tofauti ya Kondoa na Shinyanga ndiyo hii: huko Kondoa serikali ilifunga, na serikali ndiyo iliyongojwa kufungua. Huko Shinyanga aliyefunga alijua siku atakayofungua, na alijua kwamba ng'ombe atakayeingia ni wake.

Basi sasa twarudi kwenye swali letu. Mpango wa HASHI ulikwisha mwaka 2004. Mkoa wenyewe uligawanywa mwaka 2012, na wilaya za Maswa, Meatu na Bariadi zikaingia mkoa mpya wa Simiyu. Watu wameongezeka, na ardhi haikuongezeka. Ngitili iliyokuwa kichaka kisicho na bei leo ina kuni, nguzo, asali na majani, na kila kitu hicho chauzika. Ilipokuwa vumbi hakuna aliyeigombania.

Twaona hatari tatu zikiikabili, nazo hazina uzito sawa. Ya kwanza ni wanyama: fisi na wengineo wamerudi pamoja na miti, wanakula mbuzi wa watu, na hasara hiyo hulipwa na mwenye mbuzi peke yake. Ni taabu ya kweli, lakini yaweza kuvumiliwa. Ya pili ni mkaa. Miji inakua, na gunia la mkaa halina siri. Alipataye mwenye gari hajali lilitoka ngitili ya nani. Ya tatu ndiyo inayotunyima usingizi. Ni mwenye nguvu wa kijijini.

Mwenye ng'ombe mia aihitaji ngitili kuliko mwenye ng'ombe wawili, na ana uwezo wa kufunga eneo kubwa kuliko yeye. Amefunga. Kisha huwakodisha wengine malisho. Mjane asiye na ng'ombe hata mmoja, ambaye zamani alikata nyasi za kuezekea mahali popote, sasa huomba ruhusa au hulipa. Hatusemi kwamba mwenye ng'ombe mia ni mwizi. Alitunza wakati wengine walikata. Lakini kama kila sehemu nzuri ya kijiji itafungwa na mtu mmoja mmoja, na ngitili ya wote ikabaki kipande cha mawe nyuma ya shule, basi tutakuwa tumeiponya ardhi na kuwaacha baadhi ya watu wake bila ardhi. Nayo dagashida, ambayo tumeisifu hapo juu, ni mkutano uliozoea sauti za wanaume. Aendaye kutafuta kuni si mwanamume. Mkataji wa nyasi na mchota maji vile vile ni mama, na mpaka huwekwa na wasiobeba mzigo.

Sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yautoa uamuzi wa ardhi ya kijiji kwa mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume, na yasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Chini ya sheria hiyo mtu, jamaa au kikundi chaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo yakiruhusu kijiji kuhifadhi msitu wake na kufaidi mazao yake. Kinachokosekana ni kalamu na kitabu. Ngitili nyingi za wote zimeandikwa katika vichwa vya wazee tu, na wazee hawakai milele.

Jambo hili lina haraka yake. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina kanuni za biashara ya kaboni, na wako wanunuzi wa mbali walio tayari kulipa ili miti isikatwe. Hatuwapingi. Lakini mnunuzi akifika kijijini na fedha mkononi atauliza mwenye msitu ni nani, na katika kijiji ambacho jibu halijaandikwa, atajibiwa na yule aliye karibu na gari lake. Mkataba wa aina hiyo waweza kufunga kwa miaka mingi mahali ambapo mkulima alizoea kufungua kila Agosti. Ikiwa hivyo, maksai watalala chini tena mwezi wa Novemba, na msitu ukiwa umesimama mbele yao.

Kwa hiyo twaziomba halmashauri za wilaya za Shinyanga na Simiyu zipeleke maofisa ardhi vijijini kabla ya wanunuzi, si baada yao. Ngitili za wote zipimwe kwanza, za mtu binafsi zifuate. Mkutano uitishwe saa ambayo mama amekwisha kurudi kutoka kisimani. Na katika daftari, pamoja na mipaka, yaandikwe mambo mawili ambayo ramani haiwezi kuyaonyesha: siku ya kufungua, na jina la kila nyumba yenye haki ya kuingia siku hiyo.